Leza, nukta nyekundu na darubini za bunduki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mtu anapofika uwanja wa shabaha na kifaa kipya mkononi. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Kila jibu linachukulia kwamba unamiliki silaha kihalali, na kwamba kabla ya kugusa skrubu yoyote umetoa magazini, umefungua chemba na kutazama ndani kwa macho yako mwenyewe.

## Mambo ya msingi

1. Leza, nukta nyekundu na darubini vinatofautianaje?

Angalia alama ya kulengea iko wapi. Leza hutupa doa la mwanga kwenye shabaha yenyewe, kwa hiyo unaliona huko mbele. Nukta nyekundu iko ndani ya kioo: taa ndogo ya LED hupiga mwanga kwenye lenzi iliyopinda, lenzi inaurudisha kwenye jicho lako, nawe unaona nukta kana kwamba inaelea juu ya shabaha. Kifaa hiki hakikuzi chochote. Darubini hukuza picha na kuweka mistari ya msalaba juu yake.

Katikati yao kuna jamaa wawili. Kilengeo cha hologramu hufanana na nukta nyekundu kwa nje, ila ndani yake leza ndogo huangaza mchoro uliorekodiwa kwenye kioo. Kilengeo cha prizimu ni darubini fupi, na mchoro wake umechongwa kwenye kioo, hivyo unabaki hata betri ikifa.

Wazo la nukta inayoelea ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani: Howard Grubb wa Ireland alipata hataza ya kilengeo cha kioo cha kuakisi mwaka 1900. Aimpoint ya Sweden ndiyo iliyoleta nukta ya umeme sokoni katikati ya miaka ya 1970.

2. Je, nikifunga kifaa hiki nitalenga vizuri zaidi?

Utaona vizuri zaidi, na hilo ni jambo jingine. Ukivuta kifyatulio kwa kushtuka, darubini ya mara 9 itakuonyesha mshtuko wako ukiwa umekuzwa mara 9. Anayefaidika haraka ni mtu ambaye macho yake hayawezi tena kuweka wazi kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha kwa pamoja. Nukta au darubini humwondolea mzigo huo, maana kila anachohitaji kukiona kiko kwenye tabaka moja.

3. Ninunue kipi kwanza?

Kwa bastola na shabaha za mita 10 hadi 25, nukta nyekundu. Kwa bunduki ndefu na umbali wa mita 50 hadi 200, darubini ya kawaida ya 2-7 au 3-9 (maana ya namba hizi iko kwenye swali la 4). Leza iwe ya mwisho, na sababu ziko kwenye maswali ya 12 hadi 14.

Ushauri ambao watu hawapendi kuusikia: pesa ikiwa haitoshi, punguza kwenye darubini kabla ya kupunguza kwenye pete zinazoibana na reli ya juu ya bunduki inayozishika pete hizo. Darubini ya wastani iliyofungwa imara inapiga palepale kila siku. Ya kifahari kwenye pete dhaifu inatangatanga.

## Darubini na namba zake

4. "3-9x40" maana yake nini?

Inakuza kutoka mara 3 hadi mara 9, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Ukigawa 40 kwa ukuzaji unapata upana wa mwali wa mwanga unaotoka nyuma kuelekea jichoni. Ukiwa kwenye mara 4, mwali una milimita 10; kwenye mara 9 unabaki na 4.4 hivi.

Hesabu hii ina faida jioni. Gizani mboni ya kijana hupanuka hadi karibu milimita 7, na ya mtu mzima mara nyingi huishia 5 hivi. Mwali ukiwa mwembamba kuliko mboni, picha inafifia. Kwa hiyo jua likizama, kabla ya kulaumu kioo, punguza ukuzaji. Mara nyingi picha hung'aa papo hapo.

5. Ukuzaji mkubwa si ndio bora?

Hapana. Ukuzaji ukipanda, eneo unaloliona linapungua, na kuipata shabaha inakuwa kama kutafuta sindano kwa kuchungulia kwenye mrija. Mtetemo wa mikono yako nao unakua. Siku ya joto, mazigazi yanayopanda kutoka ardhini huifanya shabaha icheze kama iko chini ya maji. Wapigaji wazoefu wengi huacha darubini kwenye ukuzaji mdogo na kuupandisha pale tu wanapouhitaji.

6. MOA na miliradiani ni nini, na kliki ngapi zinatosha?

Vyote ni vipimo vya pembe. MOA moja ni sehemu ya 1/60 ya digrii, na kwa mita 100 ni sentimita 2.9. Miliradiani moja kwa mita 100 ni sentimita 10 kamili. Vinobu vya darubini, yaani vifundo unavyozungusha kusogeza msalaba, hukata vipimo hivyo vipande vipande: aina moja husogea robo MOA kwa kliki, yaani sentimita 0.73 kwa mita 100. Nyingine husogea 0.1 ya miliradiani, yaani sentimita 1.

Chukua mfano. Uko mita 100, na katikati ya kundi la matundu yako iko sentimita 6 chini na sentimita 3 kulia. Kwenye darubini ya miliradiani utapandisha kliki 6 na kusogeza kushoto kliki 3. Kwenye ile ya robo MOA ni kliki 8 juu na 4 kushoto. Kosa lilelile la sentimita 6 ukiwa mita 50 linahitaji kliki mara mbili, kwa sababu kila kliki kwa umbali huo inasogeza nusu tu. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanasawazisha, yaani kurekebisha ili risasi igonge walipolenga, kwa mita 50 lakini kwa hesabu ya mita 100, halafu wanadai vinobu ni vibovu.

Kipi bora? Anayefikiri kwa mita na sentimita ataona miliradiani ni nyepesi. Hakikisha tu mchoro wa ndani na vinobu vya nje vinatumia kipimo kimoja. Zipo darubini zenye mchoro wa miliradiani na vinobu vya MOA, na sijui nani huzifurahia.

7. Kwa nini mistari ya darubini ya mwenzangu inakua anapozungusha ukuzaji, na yangu haikui?

Mchoro wake umewekwa mbele ya lenzi za kukuza, wako uko nyuma. Ule wa mbele hukua pamoja na picha, kwa hiyo alama zake za kupimia ni sahihi kwenye kila ukuzaji, ila kwenye ukuzaji mdogo mistari inakuwa myembamba kama uzi wa buibui. Wa nyuma unabaki na unene uleule, lakini alama zake za kupimia ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Kwa anayelenga katikati ya msalaba tu, bila kutumia alama za chini, tofauti hii haimgusi.

8. Paralaksi ni nini?

Tuliza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, tazama msalaba ulipo kwenye shabaha, kisha sogeza kichwa kidogo kushoto na kulia bila kugusa bunduki. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, hiyo ndiyo paralaksi.

Darubini nyingi za uwindaji hurekebishwa kiwandani kwa umbali wa yadi 100, na za bunduki ndogo za .22 kwa yadi 50. Nje ya umbali huo kosa linaanza kujitokeza. Kwa lenzi ya milimita 40 iliyorekebishwa kwa 100, ukiwa 200 na jicho lako pembeni kabisa, kosa linaweza kufika sentimita 2. Jicho likiwa katikati, kosa halipo. Kwa hiyo kabla ya kulipia kinobu cha paralaksi, jifunze kuweka shavu mahali palepale kila mara.

## Nukta nyekundu

9. Naona nyota yenye mikia badala ya nukta. Kifaa ni kibovu?

Pengine si kifaa. Washa nukta, uitazame kupitia kamera ya simu. Ikionekana duara safi kwenye simu, tatizo ni jicho lako: kuna uwezekano mkubwa una astigimati, yaani konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, haijapinda sawasawa pande zote. Punguza mwanga wa nukta kwanza, kwa sababu nukta kali hutapakaa zaidi. Vaa miwani yako kama unayo. Ikishindikana, jaribu kilengeo cha prizimu, ambacho mchoro wake umechongwa na kina pete ya kurekebisha uoni. Watu wamerudisha vifaa dukani mara tatu kabla ya kwenda kwa daktari wa macho.

10. Nukta ya MOA 2 au 6?

Nukta ya 2 hufunika kama sentimita 6 kwa mita 100, ya 6 hufunika 17 na ushee. Ndogo inafaa bunduki ndefu na usahihi, kubwa huonekana haraka na inafaa bastola. Jicho la anayeanza kutumia bastola huitafuta nukta ndogo kama aliyepoteza kitufe cha shati.

11. Nifumbe jicho moja?

Kwa nukta nyekundu, yaache yote mawili wazi. Kifaa hakikuzi, kwa hiyo picha mbili zinaungana bila shida nawe unaona pande zote.

Lakini kwanza ujue jicho lako kuu. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja viwili, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha rudisha mikono polepole mpaka usoni bila kukipoteza. Tundu litafika kwenye jicho kuu lenyewe. Kama ni la kushoto na unashika bunduki kulia, zungumza na mkufunzi mapema. Usisubiri mwaka mzima ukidhani una bahati mbaya.

## Leza

12. Nyekundu au kijani?

Mchana jicho la binadamu huona vizuri zaidi mwanga wa karibu nanomita 555, ambao ni kijani. Leza za kijani huwa 520 au 532, nyekundu 635 hadi 650. Kwa nguvu ileile, kijani inaonekana kali zaidi kwa mbali.

Ila ina gharama. Leza za kijani za 532 hutengeneza rangi hiyo kwa kupitisha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwenye fuwele, na mpango huo hauipendi baridi: doa linaweza kufifia au kukataa kuwaka. Za 520 hutoa kijani moja kwa moja kutoka kwenye diodi na ni imara zaidi. Nyekundu ni rahisi kutengeneza na hula betri kidogo. Kwenye jua la mchana usitegemee yoyote kwa mbali. Ndani ya nyumba zote mbili zinaonekana vizuri.

13. Nimesawazisha leza, mbona risasi haigongi kwenye doa?

Kwa sababu leza na mtutu ni mistari miwili tofauti, na mistari miwili isiyo sambamba hukutana mahali pamoja tu.

Tuseme leza imefungwa sentimita 4 chini ya mtutu, nawe umeirekebisha ikutane na risasi kwenye mita 10. Ukiwa mita 5, risasi itagonga sentimita 2 juu ya doa. Mita 10, palepale. Mita 20, risasi itagonga sentimita 4 chini ya doa, na mita 30 itakuwa sentimita 8 chini, hata kabla ya kuhesabu mvutano wa ardhi. Leza haikukosea, ni njia mbili zilizopishana na sasa zinazidi kuachana.

Njia ya pili ni kuweka leza sambamba na mtutu. Hapo risasi itagonga kama sentimita 4 juu ya doa kwa kila umbali wa karibu, nawe unakumbuka namba moja tu. Kwa bastola za mazoezi mimi napendelea njia hii.

Nukta nyekundu iliyo juu ya mtutu ina tabia hiyohiyo kwa kinyume. Ikiwa sentimita 6.5 juu na imesawazishwa kwa mita 50, ukipiga kutoka mita 5 tundu litakuwa karibu sentimita 6 chini ya ulipolenga. Wanaopiga shabaha ndogo za karibu hukutana na jambo hili siku ya kwanza.

14. Leza inaweza kuumiza macho?

Ndiyo. Leza za daraja la 2 hazizidi miliwati 1, na mtu mwenye uwezo wa kupepesa kawaida hulindwa na kope zake. Daraja la 3R hufika miliwati 5, na ndiko zinakoangukia leza nyingi za silaha: kutazama moja kwa moja kwenye mwali ni hatari. Zinazouzwa kama "zenye nguvu sana" bila lebo ya daraja, ziache hapohapo. Za infraredi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa jicho halioni kitu cha kulifanya lipepese.

Kioo, bati na maji hurudisha mwali. Usimulike mtu, mnyama wala gari kwa utani. Kumulika ndege ni kosa la jinai katika nchi nyingi, kwa sababu doa dogo la ardhini linapofika kwenye chumba cha rubani limeshapanuka na kujaza kioo chote.

## Kufunga na kusawazisha

15. Pete zangu zitakaa kwenye reli yoyote?

Hapana. Reli ya Picatinny, iliyowekewa kiwango cha kijeshi cha Marekani MIL-STD-1913 mwaka 1995, ina mifereji ya upana wa milimita 5.23 iliyopangwa kwa nafasi sawa. Reli ya Weaver inafanana nayo, lakini mifereji yake ni myembamba zaidi na nafasi hazilingani. Vifaa vya Weaver kwa kawaida hukaa kwenye Picatinny. Kinyume chake mara nyingi hugoma. Bunduki nyingi za upepo na za .22 zina mfereji wa milimita 11, ambao ni dunia nyingine kabisa. Pima pia bomba la darubini: inchi 1 (milimita 25.4), 30 na 34 ndizo za kawaida, na pete ya 30 haibani bomba la inchi 1 hata ukiongeza karatasi.

16. Darubini ikae umbali gani na jicho?

Darubini nyingi za bunduki ndefu zinataka sentimita 8 hadi 10. Vaa nguo utakayovaa siku ya kupiga, fumba macho, pandisha bunduki begani, weka shavu, fumbua. Ukiona duara kamili bila kivuli cheusi pembeni, ndipo penyewe. Ukilazimika kunyoosha shingo, isogeze darubini. Shingo iache.

Fanya hivyo kwenye ukuzaji wa juu, kwa sababu huko nafasi huwa finyu zaidi. Mimi nilifanya kwenye ukuzaji wa chini, nikiwa nimesimama, halafu nikalala kifudifudi kupiga. Mtu akilala, kichwa husogea mbele. Teke la kwanza lilinichora nusu mwezi juu ya nyusi, na alama bado ipo.

17. Skrubu nizikaze kiasi gani?

Chini ya unavyofikiri. Skrubu za vifuniko vya pete mara nyingi huhitaji mkazo wa kati ya nyutoni mita (Nm) 1.7 na 2, na karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Tumia bisibisi yenye kipimo cha mkazo, na kaza kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mkingamo. Ukizidisha, bomba linabonyea na vinobu vinaanza kukwama. Vuta mstari mdogo wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye pete: siku mstari ukikatika, skrubu imelegea.

18. Nisawazisheje bila kumaliza sanduku la risasi?

Kama bunduki ni ya bolti (kipande cha chuma kinachovutwa kwa mkono kufungua na kufunga chemba), itoe bolti, tuliza bunduki kwenye mifuko na tazama shabaha ya mita 25 kupitia mtutu wenyewe. Bila kuisogeza bunduki, zungusha vinobu mpaka msalaba ukae kwenye kitu kilekile ulichokiona kupitia mtutu. Rudisha bolti, piga risasi 3, rekebisha. Ukiwa kwenye karatasi hapo, nenda mita 100 na upige makundi ya 3 hadi 5.

Rekebisha kwa kufuata katikati ya kundi, usifukuze tundu moja. Anayezungusha kinobu baada ya kila risasi hufukuza kivuli chake mpaka jioni. Tumia risasi za aina ileile utakazotumia baadaye, maana kubadilisha uzito wa risasi hubadilisha mahali pa kugonga. Hesabu ya kliki iko kwenye swali la 6.

19. Jana ilikuwa sawa, leo inapiga pembeni. Nini kimetokea?

Kagua kwa mpangilio huu: skrubu za reli, za pete, kisha za kitako. Halafu jiulize kama umebadilisha risasi au mkao. Darubini yenyewe iwe mshukiwa wa mwisho. Kuijaribu, chora mraba: piga kundi, zungusha kliki 20 juu, piga, 20 kulia, piga, 20 chini, piga, 20 kushoto, piga. Kundi la mwisho likiangukia juu ya la kwanza, darubini haina hatia.

## Utunzaji na mambo ya pembeni

20. Nisafishe lenzi na nini?

Kwanza puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, kisha brashi laini, na mwisho kitambaa cha lenzi chenye tone la maji ya lenzi. Pindo la shati husugua mchanga kwenye rangi ya kinga.

Ukungu wa nje hufutika. Wa ndani ni habari nyingine: darubini nzuri hujazwa gesi ya nitrojeni au agoni na kufungwa, hivyo ukungu wa ndani unamaanisha mpira wa kuziba umevuja. Usiifungue mwenyewe.

21. Bunduki yangu ni ya upepo, haina teke kubwa. Darubini yoyote itafaa?

La. Bunduki ya upepo ya springi hupiga teke nyuma, halafu pistoni inapogota mbele hupiga teke la kinyume. Darubini nyingi za bunduki za baruti zimejengwa kuhimili upande mmoja tu, na mara nyingi springi ndogo imeua darubini iliyovumilia miaka kwenye bunduki kubwa. Tafuta iliyoandikwa kwamba inafaa springi, yenye paralaksi inayoshuka hadi mita 10, na weka kizuizi nyuma ya pete.

22. Betri ikifa katikati ya mashindano?

Nukta za kisasa zinazotumia LED hudumu miaka kwa betri moja. Za hologramu huhesabu saa elfu moja hivi, kwa kuwa leza ya ndani ina kiu. Badilisha betri kwa tarehe unayoikumbuka, iwe imekwisha au haijakwisha.

23. Naruhusiwa kuvitumia kwenye mashindano na uwindaji?

Soma kanuni kabla ya kununua. Kwenye biathloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kupiga shabaha, vilengeo vinavyokuza haviruhusiwi. IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kupiga shabaha kwa vitendo, ina madaraja ya silaha zenye vilengeo vya kioo na mengine ya vilengeo vya chuma pekee. Kwenye uwindaji, nchi na hata majimbo hutofautiana kuhusu leza na vifaa vya kuonea usiku, na vya usiku mara nyingi vina masharti ya kuvuka mpaka.

24. Naweza kutumia darubini ya bunduki kutazama tu, bila nia ya kupiga?

Hapana, hata kama haina risasi. Popote darubini inapotazama, mtutu nao unatazama. Ukitaka kujua nani anatembea kule mbele, shika darubini ya mkononi.